Mali ya Wengi na Daftari Lake: Historia ya Amana katika Ushirika wa Songea

Chama chetu Kikuu kinapotimiza miaka 10 ya maisha yake, ni desturi kwamba kitabu cha ukumbusho kieleze magunia yaliyouzwa, maghala yaliyojengwa na viongozi waliopokezana viti. Mambo hayo yamo katika kurasa nyingine za kitabu hiki, na msomaji atayaona. Sisi tumepewa kazi nyingine, nayo ni kueleza historia ya jambo moja lisilopimwa kwa mizani, ambalo liliviinua vyama vya wakulima katika nchi hii pale lilipokuwapo, na likaviangusha pale lilipokosekana. Jambo hilo ni amana: mali ya watu wengi kukabidhiwa watu wachache, na wale wachache kuitolea hesabu.

Hatuandiki kwa nia ya kufukua makosa ya watu waliokwisha kupumzika. Twaandika kwa sababu miaka 10 ni umri mdogo. Chama Kikuu cha Wachagga wa Kilimanjaro, KNCU, kilichoanza mwaka 1933, kiliishi miaka 40 na ushei, kikawa na jina nchini na ng'ambo, hata hivyo mwaka 1976 kilifutwa siku moja pamoja na vyama vikuu vingine vyote. Mtoto wa miaka 10 hana budi kuwauliza wakubwa wake ni kitu gani kiliwapata njiani.

Sisi tukaao chini ya milima ya Matogoro tunao mfano karibu nasi. Katika milima hii ndimo unamoanzia Mto Ruvuma, ambao huenda mwendo wa kilomita 800 hivi hata kufika Bahari ya Hindi, na sehemu kubwa ya safari yake ukiwa mpaka wetu na Msumbiji. Mahali uanziapo, mtu hudhani si kitu. Ndivyo yalivyo na makato ya ushirika. Shilingi chache katika kila kilo ya ufuta au ya tumbaku hazimwumizi mkulima sana, wala haoni kwamba ametoa kitu kikubwa. Lakini shilingi hizo zikikutana kutoka vijiji vyote huwa mto, na mto usipokuwa na kingo hufanya uharibifu.

KABLA YA MADAFTARI

Wazee wetu hawakungoja sheria ya Serikali ndipo wajue kutunza mali ya wote. Kwa Wamatengo kulikuwa na sengu. Watu wa ukoo mmoja walikusanyika kwa mzee wao, kila nyumba ikaleta chakula chake, wakala pamoja, na pale pale penye chakula mambo yakazungumzwa: ugomvi ukaamuliwa, vijana wakafundishwa, kazi za mashamba zikapangwa. Nyumba iliyopungukiwa na chakula ilijulikana, na wenzao wakajua wawasaidieje. Nyumba iliyolegea katika kazi ilijulikana vile vile, na mzee hakukosa neno la kuwaambia. Kwa makabila mengine ya Songea palikuwa na kazi za ujima, ambapo majirani waliitana kulima shamba la mmoja, na kesho yake shamba la mwingine, na kila mtu alijua vizuri ni nani aliyekuja na ni nani aliyejificha.

Katika desturi hizi mambo mawili yalikwenda pamoja, nayo ndiyo shina la makala haya. La kwanza ni uwazi, yaani mali na kazi ya wote kuwekwa mbele ya macho ya wote. La pili ni utoaji, yaani mwenye nacho kumwangalia asiye nacho. Wazee hawakuyatenganisha. Utoaji ulifanyika mahali pa wazi, na kwa hiyo haukuwa njia ya mtu kujitafutia sifa kwa chakula cha wenzake.

Lakini sengu ilitosha kwa sababu watu wote walifahamiana kwa nyuso. Mazao ya biashara yalipoingia, mkulima wa Songea alianza kuuza majani yake kwa watu ambao hatawaona maisha yake yote, kwa bei iliyopangwa mbali, kupitia mikono mingi. Hapo jicho la jirani halikuweza tena kufuata fedha mpaka mwisho wa safari yake. Palihitajika mizani, stakabadhi na daftari. Kama usemavyo msemo wa Kiswahili, mali bila daftari huisha bila habari.

CHAMA CHA WANGONI NA WAMATENGO

Serikali ya Waingereza ilitunga sheria ya vyama vya ushirika katika Tanganyika mwaka 1932. Chini ya sheria hiyo KNCU iliandikishwa mwaka uliofuata, na mwaka 1936 kikaanzishwa hapa Songea Chama Kikuu cha Ushirika cha Wangoni na Wamatengo, ambacho wazee wengi bado hukiita NGOMAT. Kazi yake kubwa ilikuwa kuuza tumbaku ya moshi, ile inayokaushwa kwa moto ndani ya mabani, na tena kahawa ya milima ya Umatengo. Vyama vya msingi vilikusanya mazao vijijini, na Chama Kikuu kikayatafutia soko.

Jina lile peke yake lilikuwa na mafundisho. Wangoni na Wamatengo walikuwa wamepigana vita katika karne ya kumi na tisa. Wajukuu wao waliona kwamba mnunuzi wa tumbaku hakujali babu ya nani alimshinda babu ya nani, bali alifurahi kumkuta kila mkulima peke yake. Wakaungana chini ya jina moja na hesabu moja.

Mawazo yale hayakuwa ya hapa peke yake. Tarehe 21 Desemba mwaka 1844, katika mji wa Rochdale, Uingereza, wafanyakazi 28, wengi wao wafumaji wa nguo, walifungua duka dogo wakauza unga, siagi, sukari na mishumaa. Wenye maduka wa siku zile walizoea kuchanganya unga na takataka na kupunja mizani. Watu wale wakaweka masharti: bidhaa safi, kipimo kamili, kila mwanachama kura moja hata akiwa na hisa nyingi, hesabu kusomwa mbele ya wanachama, na ziada kurudishwa kwa kadiri ya ununuzi wa kila mtu. Ukiyatazama masharti hayo utaona kwamba ni sengu iliyoandikwa katika daftari.

Hata hivyo, kuandikishwa si sawa na kuaminiwa. Mwaka 1937 palitokea ghasia Kilimanjaro, wakulima wakiudhika kwa bei ya kahawa na kwa amri ya kuwalazimisha kuuza kwa njia ya chama tu. Chama kilikuwa chao kwa jina, lakini wengi wao waliona kwamba kinaamuliwa na wengine. Kule Mwanza mambo yalianza kwa njia nyingine. Wakulima wa pamba, wakijua kwamba hupunjwa penye mizani ya wanunuzi, walianza mwanzoni mwa miaka ya 1950 kuweka wapimaji wao wenyewe ili uzito uhakikishwe. Kutokana na juhudi za namna hiyo, ambazo Bwana Paul Bomani alikuwa miongoni mwa viongozi wake, kikazaliwa mwaka 1955 Chama Kikuu cha Victoria, ambacho kilipata kuwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika katika Afrika. Chama kile kilianzia kwenye swali la mkulima mwenyewe: "Je, pamba yangu ina uzito gani?" Chama kinachoanzia kwenye swali la mwanachama huwa na mizizi.

KAMATI YA MWAKA 1966

Baada ya Uhuru mwaka 1961, vyama vya ushirika viliongezeka upesi mno. Serikali ilitaka wakulima wa kila upande wa nchi wapate manufaa yake, na vyama vikaundwa hata mahali ambapo wakulima walikuwa hawajaviomba wala kufahamu kazi yake. Chuo cha Ushirika kilifunguliwa Moshi mwaka 1963 ili kufundisha makarani, mameneja na wanakamati, lakini vyama vilizaliwa kwa haraka kuliko walimu walivyoweza kufundisha. Manung'uniko yakasikika: makato yanazidi, bei anayopata mkulima inapungua, ndugu wa wakubwa wanapata kazi wasizozijua.

Mwaka 1966 Rais aliteua Kamati Maalum ya kuchunguza vyama vya ushirika na bodi za mazao, nayo ikajulikana kwa jina la mwenyekiti wake kuwa Kamati ya Mhaville. Kamati ilieleza kasoro kubwa tano, ambazo twapenda kila mwanachama azijue: kwamba wanachama hawakuwa na elimu ya kutosha juu ya chama chao; kwamba watumishi wenye ujuzi walikuwa haba; kwamba katika vyama vikuu demokrasia ilikuwa dhaifu; kwamba ndani ya ushirika hapakuwa na watu wenye maarifa na wakati huo huo wenye uwezo wa kuamua mambo; na kwamba siasa iliingilia kazi za vyama.

Msomaji mwenye busara atatambua jambo moja. Wizi haukutajwa katika zile kasoro tano za msingi. Hii si kwa sababu wizi haukuwapo, kwani mifano ya ubadhirifu ilionekana. Ni kwa sababu wizi ni moshi tu, na moto wenyewe ni mahali pengine. Mwanachama asiyejua makato yake yanakwenda wapi hawezi kuuliza, asiyeuliza hajibiwi, na kiongozi asiyeulizwa mwaka wa kwanza, mwaka wa pili na mwaka wa tatu, hufikia kuamini kwamba fedha zile ni zake. Mlango ukiachwa wazi miaka mingi, lawama haimwangukii mwizi peke yake.

HABARI YA LITOWA

Katika historia ya mkoa wetu kuna habari ambayo ni lazima tuieleze kwa heshima, kwa kuwa imesomwa na watu wa mataifa mengi, na huenda vijana wetu hawaijui. Mwaka 1960 vijana wa Umoja wa Vijana wa TANU, wakiongozwa na Bwana Ntimbanjayo Millinga, walijaribu kuanzisha makazi ya pamoja hapa Songea. Jaribio la kwanza liliwashinda. Hawakukata tamaa, wakaanza tena, na kijiji chao cha Litowa kikasimama. Vijiji vingine vikafuata mfano ule, na vyote vikaungana katika Chama cha Maendeleo ya Ruvuma, kilichojulikana kwa kifupi kuwa RDA. Kufikia mwaka 1969 vijiji vyake vilikuwa yapata 17.

Mambo yaliyovutia watu katika vijiji vile hayakuwa majengo. Yalikuwa namna ya kuamua mambo. Wanakijiji walikutana wenyewe, wakapanga kazi, wakahesabu siku ambazo kila mtu amefanya kazi, na mavuno yakagawanywa kwa kadiri ya kazi hiyo, baada ya kuangalia wazee, wagonjwa na watoto. Waliwachagua viongozi wao, na kiongozi alishika jembe kama mwingine. Walikuwa na shule yao Litowa, ambako watoto wa vijiji mbali mbali walisoma na kulima. Mwalimu Nyerere alipoandika juu ya vijiji vya ujamaa mwaka 1967, Litowa ilikuwa imekwisha kuonyesha kwamba jambo hilo lawezekana bila kulazimishana.

Tena RDA ilipokea misaada. Marafiki wa ng'ambo walitoa fedha, vifaa na watumishi wa kujitolea, na chama kikapata mashine za kazi, miongoni mwake kinu cha kusaga nafaka mjini Songea na mashine ya kupasulia mbao. Mashine hizo hazikugawiwa watu binafsi. Zilikuwa mali ya vijiji vyote, na mapato yake yalikusudiwa kuvisaidia vyote. Hivyo kile kilichotolewa na mgeni kama sadaka kiligeuzwa kuwa chombo cha kazi cha wenyeji, na wenyeji ndio waliokitunza.

Lakini tarehe 24 Septemba mwaka 1969 Kamati Kuu ya TANU iliamua kwamba RDA ivunjwe na kazi ya kujenga vijiji vya ujamaa iwe mikononi mwa Chama. Mali yake ikachukuliwa, watumishi wake wa kigeni wakaondoka, na vijiji vikapoteza chombo kilichokuwa kikiviunganisha. Katika uongozi wa mkoa walikuwapo walioona kwamba shirika linalojitegemea kwa mawazo na kwa mali ni hatari kwa umoja wa taifa. Wengine waliona, na wengi huona hata leo, kwamba taifa lilipoteza mwalimu mzuri.

Sisi hatukai hapa kama mahakama. Twataka kuonyesha tu kwamba hesabu inaweza kuvunjika kwa pande mbili. Kasoro za mwaka 1966 zilitokana na viongozi kutosimamiwa na wanachama wao. Mwisho wa RDA mwaka 1969 ulitokana na wakubwa wa juu kuwa na uwezo wote juu ya chama, na wanachama kutokuwa na mahali pa kukata rufani. Kutosimamiwa huozesha chama, na kusimamiwa bila mpaka hukiua. Chama cha wakulima chahitaji sheria inayowazuia viongozi wake kula mali ya wanachama, na sheria hiyo hiyo yapaswa kumzuia mtu wa nje, awe mkubwa namna gani, asiichukue mali hiyo bila wanachama kuulizwa.

KUFUTWA NA KURUDI

Mwaka 1975 ilitungwa sheria ya vijiji, ambayo ilikifanya kijiji chenyewe kuwa chama cha ushirika. Tarehe 14 Mei mwaka 1976 vyama vikuu vyote vikavunjwa, na kazi ya kununua mazao ikaingia mikononi mwa mamlaka za mazao za Serikali. Kwa mkulima ilikuwa kama mtu aliyeamka asubuhi akaambiwa kwamba nyumba aliyoijenga si yake. Mamlaka zile zilikuwa na gharama kubwa, malipo yakachelewa, na mkulima hakuwa na mkutano wa kuuliza. Meneja wa mamlaka hakuchaguliwa naye wala hakuweza kuondolewa naye.

Serikali yenyewe iliona hasara hiyo. Sheria mpya ya mwaka 1982 ikavirudisha vyama vikuu, na mwaka huo huo kikaundwa chombo cha ukaguzi, yaani Shirika la Ukaguzi na Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, ambalo wengi wetu twalijua kwa jina la COASCO. Sheria ya mwaka 1991 ikaeleza waziwazi kwamba ushirika ni wa hiari na ni wa wanachama. Lakini miaka hiyo ya 1990 ilikuwa migumu. Biashara ya mazao ilifunguliwa kwa wafanyabiashara binafsi, na vyama vingi, vikiwa vimelemewa na madeni, vilishindwa kushindana. Wako wakulima waliotoa mazao yao kwa mkopo wakarudi nyumbani na karatasi tu. Jeraha la namna hiyo haliponi upesi, na ndilo linaloeleza kwa nini hata leo mzee anaweza kusikia neno ushirika akatikisa kichwa.

Sheria ya mwaka 2003 na ile ya mwaka 2013 zilifuata. Hii ya pili ilileta Tume ya Maendeleo ya Ushirika, yenye kazi ya kuandikisha, kusimamia na kuendeleza vyama. Sheria ya stakabadhi za ghala ilitungwa mwaka 2005, na katika miaka ya karibuni ufuta, soya na mbaazi za mkoa wetu zimeuzwa kwa njia hiyo, mazao yakikusanywa ghalani na wanunuzi wakishindana mnadani. Mwezi Aprili mwaka 2025 Benki ya Ushirika Tanzania ilizinduliwa Dodoma, nalo ni jambo ambalo wanaushirika wa nchi hii walilitamani kwa muda mrefu.

Haya ni maendeleo, nasi twayashukuru. Yafaa hata hivyo tukumbuke kwamba mnada wa wazi humwonyesha mkulima bei, lakini haumwonyeshi makato. Kati ya bei iliyotangazwa na fedha iliyofika mkononi pana ushuru, gharama ya ghala, magunia, usafiri, na fungu la chama. Kila kato laweza kuwa halali, lakini mkulima asiyeelezwa hudhani yote ni wizi, naye akidhani hivyo huuza mazao yake usiku kwa mnunuzi wa magendo. Hivyo chama hudhoofika hata pale ambapo hakuna mtu aliyeiba.

JUU YA UTOAJI

Sasa twafika kwenye jambo ambalo katika siku zijazo litatujaribu zaidi. Kadiri chama kinavyopata nguvu ndivyo maombi yanavyoongezeka. Shule yahitaji madawati, zahanati yahitaji bati, timu ya mpira yahitaji jezi, sherehe ya mgeni mkubwa yahitaji mchango, na msiba nao una haki yake. Vyama vya ushirika duniani vimekubaliana, katika misingi saba iliyotangazwa Manchester mwaka 1995, kwamba kujali jamii ni wajibu wa ushirika. Wala Songea si mgeni wa jambo hili. Hospitali ya Peramiho, iliyokua kutokana na misheni ya Wabenediktini iliyoanzishwa mwaka 1898, imetibu watu kwa vizazi vingi kwa msaada wa watu ambao aghalabu hawakuiona Peramiho kwa macho. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Lakini hapa pana tofauti ambayo haina budi kueleweka. Mtu akitoa fedha yake mwenyewe, hiari ni yake na thawabu ni yake. Kiongozi wa ushirika akitoa fedha ya chama, hatoi chake. Atoa jasho la mama mjane wa kijijini ambaye kato lake limo ndani ya kile kitita anachokabidhi mbele ya wapiga picha. Sifa ile ni ya yule mama, na haki ya kukubali au kukataa ni yake pia.

Tunao mfano karibu nasi wa namna msaada unavyoweza kupokewa vizuri. Kati ya mwaka 1999 na 2004, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kwa msaada wa Japani, kilifanya kazi pamoja na wanakijiji wa Kindimba, Mbinga. Kikajengwa kinu cha kusaga nafaka kinachoendeshwa kwa nguvu ya maji, na wanakijiji wakaunda kamati ya kusimamia mambo hayo, wakaiita kwa jina la sengu. Hawakuchagua jina lile kwa mapambo. Walitaka kilichotoka mbali kikaliwe pamoja na kuzungumzwa pamoja, kama chakula cha ukoo.

Kwa hiyo, kutokana na historia tuliyoieleza, twatoa mashauri manne kwa wanachama na viongozi.

Kwanza, fungu la kusaidia jamii litengwe kwa kura ya Mkutano Mkuu kabla ya msimu, katika makisio ya mwaka, likiwa na kiasi kinachojulikana. Likiisha limekwisha, na mwombaji aambiwe hivyo kwa heshima, hata akiwa mtu mkubwa.

Pili, kila kilichotolewa kiandikwe na kisomwe: nani aliomba, nani aliidhinisha, kiasi gani kilitoka, na kazi gani ilifanyika. Orodha hiyo ibandikwe penye ubao wa kila chama cha msingi, karibu na mizani, ambapo mkulima hupita na gunia lake.

Tatu, misaada tunayopokea itolewe hesabu kama ile tunayotoa. Mfadhili akitupa trekta au mashine ya kukamua mafuta, mkataba useme wazi mali ni ya nani, nani ataitunza, na itakwenda wapi iwapo chama kitavunjika. Habari ya mashine za RDA yatufundisha kwamba swali hili huulizwa mapema, si siku ya kufunga mlango.

Nne, elimu ya mwanachama isiwe ya mwisho katika bajeti. Kamati ya mwaka 1966 iliitaja kuwa kasoro ya kwanza, na miaka mingi imepita tangu hapo. Chama kinachopunguza fedha za semina ya wanachama ili kuongeza posho za vikao vya viongozi kinaondoa kingo za mto wake chenyewe.

KWA WANACHAMA NA VIONGOZI

Kwenu viongozi twasema: msichukie kuulizwa. Mwanachama anayeuliza stakabadhi hajakuita mwizi, bali amekusaidia usifikiriwe kuwa mwizi. Mkaguzi anapofika, mpeni kiti na madaftari yote, wala msingoje akumbushe. Kumbukumbu za mkutano ziandikwe siku ile ile, kwa maana kumbukumbu zinazoandikwa baada ya miezi mitatu huwa hadithi.

Kwenu wanachama twasema: chama hakiwezi kuwa chaminifu kuliko mkutano wake. Mkutano unaoanza saa nane badala ya saa tatu, ambao watu husinzia wakati wa hesabu na kuamka wakati wa chakula, umekwisha kutoa ruhusa ya kila baya litakalofuata. Njooni mapema. Leteni stakabadhi zenu. Asiyejua kusoma na asomewe na mwanawe, kisha aulize kwa sauti yake mwenyewe. Na akisimama mwanamke kuuliza, asikatizwe, kwa kuwa mara nyingi mkono wake ndio uliopalilia shamba lile.

Miaka 10 iliyopita wakulima walikubali tena kukabidhi mali yao kwa wenzao, ingawa wengi wao walikuwa na sababu ya kukataa. Wazazi wao walikuwa wameona vyama vikifutwa, na wao wenyewe walikuwa wamewahi kudai malipo yasiyokuja. Imani ile waliyotupa ni deni, nasi tutalilipa kila mwaka siku ya kusoma hesabu, mbele ya watu wote, mpaka swali la mwisho la mwanachama wa mwisho lijibiwe.